Mlima Ndio Unaochagua Mota

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya mafundi wa pikipiki, wanafunzi wa ufundi na waendesha bodaboda

   Leo tutapiga hesabu.

Nimeombwa nizungumzie pikipiki ya umeme ya kujitengenezea. Nakusudia ile ambayo fundi anachukua bodaboda ya cc 125 au 150 iliyochoka injini, anaishusha injini, kisha anaweka mota, betri na kontrola. Habari za betri zinataka mhadhara wake, nami nitazigusa pale tu zinapokutana na mota. Kusudi langu ni kueleza namna ya kuchagua mota na uwiano wa gia ili pikipiki hiyo ibebe abiria, ipande mlima, na mota isiungue.

Nasema mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Wengi wetu tunaanzia kwenye spidi. Tunauliza mota hii inakimbia ngapi, tunalipa, ndipo tunaanza kutafuta sproketi ya kuivalisha. Mimi nasema tugeuze. Kwanza tuujue mlima na mzigo, halafu gia, halafu mota, na spidi ichukue kinachobaki.

Hoja ya kwanza: hesabu ianzie kwenye tairi la nyuma

Chukueni pikipiki tuliyoizoea. Ikishavuliwa injini na kuvalishwa mota na betri, tuseme ina kilo 120. Mwendeshaji kilo 70, abiria kilo 70. Jumla kilo 260. Wale mnaobeba magunia ya mkaa na kreti za soda, jiongezeeni wenyewe.

Pikipiki hii ikitembea inapambana na vitu vitatu. Kuna msuguano wa matairi na barabara. Kwenye lami, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, msuguano huo unadai msukumo wa nyutoni kama 38, na haubadiliki sana na mwendo. Kwenye mchanga, au tairi likiwa limelegea, unapanda haraka sana, na hapo betri inaliwa bila mtu kujua sababu. Kuna upepo unaokupiga kifuani. Huo unakua kwa mraba wa mwendo, yaani ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakurudisha nyuma mara nne. Watu wawili waliokaa wima, kwa kilomita 30 kwa saa, wanadaiwa na upepo nyutoni kama 29; kwa kilomita 60 wanadaiwa nyutoni 117. Halafu kuna mlima.

Mlima unaopanda mita 10 katika kila mita 100 za barabara, ambao tunauita mlima wa asilimia 10, unazirudisha nyuma hizo kilo 260 kwa nyutoni 254. Linganisheni namba hizo tatu. Kwa mwendo wa kilomita 30, upepo na msuguano kwa pamoja ni nyutoni 67, na mlima peke yake ni 254. Mtu anayechagua mota bila kuujua mlima wake ameacha sehemu kubwa ya deni nje ya daftari.

Mlima unapimwa kwa vifaa ambavyo kila fundi seremala anavyo. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, ulaze barabarani ukielekea juu, weka pimamaji mgongoni mwake, kisha inua ncha ya chini mpaka kiputo kikae katikati. Pima pengo kati ya ncha hiyo na lami. Pengo la sentimita 10 ni mlima wa asilimia 10. Sentimita 7, asilimia 7. Rudia sehemu kadhaa, maana barabara ina mabonde madogo yanayodanganya. Fanya hivyo kwenye mlima mbaya kuliko yote katika njia zako, uandike.

Kipimo cha pili ni tairi lenyewe. Tairi la 3.00-17, ambalo limejaa mitaani, lichoreni alama ya chaki, mtu akae juu ya pikipiki, muisukume mpaka alama irudi chini, mpime umbali. Mtapata kama mita 1.8. Maana yake, kutoka katikati ya ekseli hadi chini ni kama sentimita 29. Sasa zidisheni. Kwa mlima wetu wa asilimia 10, mwendo wa kilomita 30, tairi linatakiwa kusukuma jumla ya nyutoni 321 kwa mkono wa mita 0.29. Hiyo ni torki ya nyutonimita 93 kwenye ekseli ya nyuma. Iandikeni hiyo 93, tutaitumia mpaka mwisho.

Hoja ya pili: nguvu ikilingana, joto halilingani

Hapa nawaomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo mota nyingi zinapofia.

Nguvu, ile ya kilowati, ni msukumo mara mwendo. Kupanda mlima wetu kwa kilomita 30 kwa saa kunataka kilowati 2.7 kwenye tairi. Kwenda kwenye tambarare, tuseme barabara ya kutoka hapa kuelekea Pangani, kwa kilomita 60 kwa saa, kunataka kilowati 2.6. Ni karibu sawa kabisa! Muuzaji akikuambia mota ya kilowati 3 inatosha kwa safari zote mbili, kwa kilowati anasema kweli. Lakini kwenye tambarare tairi linasukuma nyutoni 155, na mlimani linasukuma 321. Msukumo ni zaidi ya maradufu.

Mota haiungui kwa sababu ya kilowati. Inaungua kwa joto la nyaya zake za shaba, na joto hilo linatokana na ampea zinazopita ndani yake. Ampea zinafuata torki: torki ikizidi mara mbili, ampea zinazidi mara mbili. Joto nalo linafuata mraba wa ampea. Kwa hiyo mlima ule, wenye kilowati zilezile za tambarare, unaipasha mota zaidi ya mara nne. Na unaipasha wakati pikipiki inatembea taratibu, upepo wa kupoza ukiwa mdogo.

Niliwahi kuletewa mota ambayo mwenyewe aliambiwa na muuzaji kwamba haina mwisho. Tulipoifungua, vanishi ya nyaya ilikuwa imegeuka nyeusi na harufu yake ilijaza chumba. Nikashika bisibisi nikaisogeza kwenye sumaku za rota. Kwa kawaida inavutwa mkononi kwa nguvu mpaka unashtuka. Ile ilishika kidogo, nilipotikisa ikaanguka. Nyaya zinaweza kusukwa upya na fundi hodari, na tunao hapa mjini. Sumaku iliyopoteza nguvu kwa joto haisukwi. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida zinaanza kudhoofika kwenye nyuzi 80 za Selsiasi; zile za daraja SH zinavumilia mpaka 150. Vanishi ya daraja F inahimili nyuzi 155, ya daraja H nyuzi 180. Ukinunua mota, ulizia madaraja hayo kwa jina, na ulizia kama ndani kuna kihisi cha joto cha kuunganisha na kontrola ili ipunguze ampea yenyewe kabla mambo hayajaharibika. Mota isiyo na kihisi cha joto mimi siifungi kwenye pikipiki ya kubeba abiria.

Hoja ya tatu: kisomwe kibao cha mota, chote

Kwenye kibao cha mota, au kwenye karatasi yake, tafuteni namba nne: volti, kilowati za kudumu, mizunguko kwa dakika inayoendana na kilowati hizo, na mizunguko kwa kila volti. Kilowati za kilele zilizoandikwa kwa maandishi makubwa ni za sekunde chache. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na ushei, na inapanda karibu mita elfu moja. Kwa mwendo wa kilomita 30 ni zaidi ya saa nzima ya kupanda. Sekunde za kilele zitakusaidia wapi huko?

Zikipatikana namba hizo, piga hesabu hii fupi: zidisha wati za kudumu kwa 9.55, ugawe kwa mizunguko yake kwa dakika. Unapata torki ambayo mota inaweza kuitoa kutwa nzima bila kuungua. Mota ya kilowati 3 kwa mizunguko 3,000 inatoa nyutonimita 9.55. Hiyo tu. Watu wanashangaa wakiiona ilivyo ndogo, wakati tairi linadai 93. Kinachosimama kati ya 9.55 na 93 ni gia, na ndiyo maana nasema anayeipuuza gia amenunua mota nusu.

Kwenye volti sitakaa sana. Kilowati 3 kwa volti 48 ni ampea 62.5 kutoka kwenye betri. Kwa volti 72 ni ampea 42. Upotevu kwenye kebo zilezile unapungua zaidi ya nusu, na kebo zenyewe zinaweza kuwa nyembamba. Kwa pikipiki ya abiria chagueni 72. Lakini betri ya litiamu ya volti 72 ikijaa inafika volti 84 au zaidi kidogo, na umeme huo wa betri ukiruka cheche hauzimiki kirahisi kama wa nyumbani. Fyuzi na swichi kubwa ziwe zile zilizotengenezwa kwa umeme wa betri na kwa volti hizo. Swichi ya ukutani isitumike hata kwa majaribio.

Hoja ya nne: uwiano wa gia

Injini ya petroli inahitaji gia boksi kwa sababu haiwezi kuvuta kutoka kwenye kusimama. Mizunguko yake ikishuka mno inazima. Ndiyo sababu ina klachi, na ndiyo sababu gia namba moja, ukihesabu gia zote kutoka kwenye piston mpaka kwenye tairi, inapunguza mizunguko zaidi ya mara 20. Mota ya umeme inavuta kwa torki yake kubwa kabisa ikiwa imesimama. Haizimi. Kwa hiyo inaweza kuishi na uwiano mmoja tu, bila klachi na bila kubadilisha. Ila uwiano huo mmoja lazima uwe sahihi, kwa sababu hakuna gia namba moja ya kukimbilia mlima ukikaza.

Tufanye mfano mzima. Tunayo mota ya volti 72, kilowati 3 za kudumu kwa mizunguko 3,000, yenye mizunguko 55 kwa kila volti. Ikizunguka bure inafika karibu 3,960 kwa dakika; ikibeba mzigo, tuseme 3,250. Mbele tunaweka sproketi ya meno 11, nyuma ya meno 52. Gawanya 52 kwa 11: uwiano ni 4.73. Tairi linapata mizunguko 687 kwa dakika, mara mita 1.8, na mwendo wa juu unatoka kilomita 74 kwa saa. Mota itaufikia kwa kujikaza. Mwendo wake wa kustarehe ni 55 hadi 60, ambapo inatoa nyutonimita 10 hivi, karibu sawa na torki yake ya kudumu. Vizuri.

Ipeleke sasa kwenye mlima. Ile 93 ya tairi, gawanya kwa 4.73, ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu wa cheni, unapata nyutonimita 21. Ni zaidi ya mara mbili ya torki ya kudumu. Je, itaungua? Kwenye kilima cha mita 300, hapana. Mota ina uzito wa chuma na shaba, na inachukua dakika kadhaa kupata moto. Kwenye mlima wa dakika 20 mfululizo wa asilimia 10, ndiyo, itaungua, au kihisi cha joto kitaikatia nguvu ukiwa kwenye kona.

Kijana mmoja hapo mbele ananiuliza kwa macho: kwa nini tusiweke uwiano wa 3 tupate spidi? Kwenye karatasi utapata kilomita 117 kwa saa. Lakini kwa mwendo huo upepo na msuguano vinadai zaidi ya kilowati 15 kwenye tairi, na mota yako ina 3. Hutaiona hiyo 117 maisha yako yote. Utakachokiona ni mlima ukidai nyutonimita 33 badala ya 21, na joto la nyaya likizidi mara mbili na nusu. Umelipa spidi ambayo haipo kwa mota iliyokuwepo.

Ndiyo maana mimi natengeneza pikipiki mbili tofauti. Ya Tanga mjini, Muheza na Pangani inapata uwiano wa 4.7 au karibu na hapo. Ya Lushoto inapata uwiano wa 6. Njia ya Mombo hadi Lushoto ina wastani wa mlima wa asilimia kama 3, na vipande vinavyozidi sana hapo. Kwa wastani huo, ukiwa na uwiano wa 4.73, mota inadaiwa nyutonimita 9.3, yaani inakwenda saa nzima ikiwa imefika ukingoni mwa uwezo wake, na kila kipande kikali kinaisukuma nje ya ukingo. Kwa uwiano wa 6 inadaiwa 7.3, na inabakiwa na nafasi ya kuvumilia vipande vikali. Kwenye asilimia 10 joto linapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Gharama yake ni mwendo wa juu kushuka hadi kilomita 59 kwa saa. Waulizeni wanaoendesha kwenye kona za Usambara kama wanakosa chochote kwa kutopita 59.

Uwiano wa 6 haupatikani kirahisi kwa sproketi mbili. Meno 11 mbele yanataka 66 nyuma, na sproketi ya namna hiyo utaichongesha. Wala usiende chini ya meno 11 mbele ili kulikwepa hilo. Cheni haizunguki kwenye duara, inakunjika juu ya meno. Meno yakiwa machache mwendo wake unapanda na kushuka kila jino linapopita: kwa meno 11 tofauti hiyo ni asilimia 4 hivi, kwa meno 15 ni asilimia 2. Ndio ule mlio na mtetemo unaousikia miguuni, na ndio unaoila cheni. Njia mbili zinafaa. Kuna mota zinazouzwa zikiwa na gia ya kupunguza ndani yake; yenye uwiano wa 2.35 ndani, ukiivalisha meno 15 mbele na 38 nyuma, inakupa 5.95. Au fundi aweke shafti ya kati yenye beringi mbili nzuri na sproketi mbili, mota ishushe kwa shafti, shafti ishushe kwa tairi. Kazi ni kubwa na cheni zinakuwa mbili, lakini vifaa vyote vinapatikana madukani.

Mchague meno ya mbele yasiyo na kigawo cha pamoja na idadi ya pingili za cheni.  Jino moja la mbele halirudii kukutana na pingili zilezile kila mara, na ulaji unasambaa sawasawa. Cheni ya 428 tuliyoizoea inatosha kwa mota hizi.

Wengine wanaiacha gia boksi ya injini mahali pake, wanatoa silinda na piston, na kuifunga mota ili iendeshe shafti ya klachi. Sina ugomvi nao. Mwenye mota ndogo anayeishi milimani anapata gia namba moja ya kweli. Ila anabeba uzito wa chuma kisichohitajika, anapoteza nguvu kwenye oili na meno mengi ya gia, na anabaki na klachi ya kushughulikia. Fedha za mota ndogo na usumbufu huo zikijumlishwa, mara nyingi zinatosha mota kubwa kidogo yenye uwiano mmoja.

Hoja ya tano: mota ya kwenye ringi au ya katikati

Mota ya kwenye ringi, inayokaa ndani ya kitovu cha tairi la nyuma, inapendwa kwa sababu nzuri. Haina cheni, haina sproketi, haipigi kelele, na kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Kwa mtu wa tambarare anayebeba mizigo myepesi, ni chaguo la heshima.

Lakini haina gia. Ile 93 yote inabidi itoke kwenye mota yenyewe. Mtengenezaji anailipia torki hiyo kwa shaba nyingi, sumaku nyingi na kipenyo kikubwa, na uzito wote huo unakaa chini ya shokamzoba. Tairi likiingia kwenye shimo, uzito huo unapiga ringi na spoki bila kitu cha kuupunguza. Kwenye barabara zetu za changarawe nimeona spoki zikikatika kwa sababu hiyo. Isitoshe, joto lake limefungiwa ndani ya kitovu, na ukiikosea huna sproketi ya kubadilisha. Mota ya katikati ukiikosea kidogo, unatoka dukani na sproketi mpya na mlima unakubali.

Kwa bodaboda ya abiria wa Tanzania nachagua ya katikati.

Hoja ya sita: kontrola na ampea mbili

Hapa nitapita upesi. Kontrola ina ampea za aina mbili, na mafundi wengi wanazichanganya: zinazotoka kwenye betri na zinazoingia kwenye mota. Kwenye mlima wetu, kwa uwiano wa 4.73, mota inapata ampea kama 119 wakati betri inatoa 47 tu. Hakuna uchawi. Mota ikizunguka taratibu inahitaji volti chache, na kontrola inabadilisha volti nyingi zenye ampea chache kuwa volti chache zenye ampea nyingi. Kwa hiyo ukisoma ampea kwenye mita ya betri ukaona 47, usidhani mota imepumzika. Kuondoka ukiwa umesimama kwenye mlima wa asilimia 20, na abiria nyuma, kunataka ampea 200 za mota kwa sekunde chache. Kontrola ichaguliwe iweze hizo 200, na kikomo cha betri kiwekwe kulingana na betri.

Na kabla ya yote hayo, sproketi mbili zikae kwenye mstari mmoja. Wekeni rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi ya nyuma muone inavyofika mbele. Sahani inayoshika mota iwe nene, maana mota ikivuta inajaribu kujipindua, na bolti zikilegea milimita mbili cheni inaruka kwa mwendo. Wanafunzi, kazi hii ya rula ifanyeni kila mnapokaza cheni.

Tunakokwenda

Majirani zetu hawajakaa. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme barabarani kwa biashara mwaka 2019, kwa mtindo wa kubadilisha betri kituoni. Nairobi, Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus, ilianza kwa kubadilisha magari ya safari kuwa ya umeme kabla ya kuingia kwenye pikipiki. Kubadilisha cha zamani ni mlango wa heshima wa kuingilia kazi hii, na sisi mafundi wa vijiweni tunao uwezo wa kuupita.

Tunachokosa Tanga ni mahali pa kupimia. Tunaletewa mota zenye vibao vya kila namna, na hatuna namna ya kujua kipi kinasema kweli. Napendekeza tutengeneze meza ya kupimia mota, na tuitengeneze mwaka huu. Haitaki fedha nyingi. Ni fremu ya chuma iliyobanwa sakafuni, ngoma ya chuma inayofungwa kwenye shafti ya mota, kamba nene inayoizunguka ngoma, mizani mbili za springi kwenye ncha za kamba, na kifaa cha kuhesabu mizunguko. Mota ikizunguka, kamba inakazwa. Tofauti ya mizani mbili, ikigeuzwa kuwa nyutoni na kuzidishwa kwa nusu kipenyo cha ngoma, ndiyo torki. Tunaiacha hivyo nusu saa, tukimwagia ngoma maji kwa sababu itapata moto, huku tukisoma joto la nyaya kila dakika tano. Mota itakayokaa nusu saa bila joto kuendelea kupanda, torki yake tunaiandika kwenye daftari la wote, na kila fundi wa mkoa huu ataisoma kabla ya kununua.

Daftari la pili liwe la milima. Kila mwendeshaji aliye hapa apime kwa ubao na pimamaji mlima mmoja wa njia yake: Mombo, Soni, Bumbuli, Amani, popote. Tukikutana tena tutakuwa na namba za mota kwenye daftari moja na namba za milima kwenye jingine, na kijana anayetaka kujitengenezea pikipiki atapata uwiano wake kwa kugawanya.

Nimeongea na walimu wa karakana kabla ya kupanda hapa jukwaani. Ngoma wanaweza kuichonga kwenye mashine yao ya kukerezea. Mizani ya kwanza nitaileta mimi. Naomba anayeweza kuleta ya pili, na anayeweza kuchomelea fremu, aandike jina lake kwenye karatasi iliyo hapo mlangoni kabla ya kuondoka, ili tukubaliane siku ya kuanza.